Mguu Unaposhtuka

Hotuba kwa wapenzi wa magari na mbio za magari, Arusha. Imeandikwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa. Maswali ya mwisho yamefupishwa.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, kina mama mliokuja kuhakikisha vijana wenu kweli wanakuja hapa na si kwingine, na ninyi vijana mlioegesha hapo nje magari yenye ekzosi zinazosikika mpaka Njiro: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeombwa mambo mawili. La kwanza, nieleze kwa nini watu wanayalilia magari ya spoti ya zamani, yale yenye nguvu nyingi na yasiyo na kompyuta ya kumsaidia dereva. Hakuna ABS ya kuzuia magurudumu yasijifunge kwenye breki, hakuna VSC ya kulinyoosha gari linaloserereka, hakuna chochote kati ya mguu wako na lami. La pili, mwenyekiti kaniomba niwatishe kidogo. La kwanza nitalifanya kwa furaha. Hilo la pili mabango ya barabarani yamelifanya miaka yote, na kila Jumapili jioni bado tunasikia matairi yakilia.

Mimi ni fundi. Porsche 911 nimelala chini yake saa nyingi kuliko nilizokaa nyuma ya usukani wake, maana kwa miaka kadhaa nimefanya kazi kwenye magari ya huduma yanayofuata East African Safari Classic, yale mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003. Kwa hiyo mniruhusu nianze na gari ambalo tumbo lake nalijua.

Oktoba 1974, kwenye maonyesho ya magari ya Paris, Porsche walizindua 911 Turbo. Kiwandani lilikuwa na namba 930, na wapenzi wake mpaka leo wanaliita hivyo. Mwaka uliofuata likaingia sokoni na injini ya lita 3.0, nguvu za farasi 260. Naona kuna wanaotabasamu. Siku hizi nguvu hizo unazikuta kwenye gari la kupeleka watoto shule. Lakini lile lilikuwa na uzito wa kilo 1,100 na ushee tu, gia nne, na injini iliyofungwa nyuma kabisa, ikipita hata ekseli ya nyuma. Mwaka 1978 wakaongeza: lita 3.3, nguvu 300, na breki zilizotokana na gari lao la mbio la 917. Gia zikabaki nne mpaka 1989, ndipo ikaja ya tano. Watu wa Ulaya wakalipachika jina la mtengeneza wajane, na jina likaganda.

Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Injini ikizunguka polepole, moshi ni mchache na turbo imelala. Magari ya leo yana turbo ndogo zinazoamka mapema, na kompyuta inaziba pengo lililobaki, kwa hiyo dereva hahisi kitu. Kwenye 930 unalihisi mpaka kwenye meno. Uko katikati ya kona, mzunguko wa injini uko chini, unakanyaga mafuta. Kimya. Unaongeza. Bado. Unakandamiza mpaka sakafuni, na kona haijaisha, usukani bado umeukunja. Ndipo turbo inaamka, tena bila adabu: nguvu zote ulizoagiza tangu mwanzo zinafika kwa mkupuo kwenye magurudumu mawili ya nyuma.

Sasa tairi nalo lina kiasi chake. Ile sehemu ndogo ya mpira inayogusa lami ina uwezo fulani wa kushika, na uwezo huo ni mmoja kwa kazi zote. Ukiutumia wote kusukuma gari mbele, hakuna unaobaki wa kulizuia lisiende pembeni. Ukiutumia wote kupiga kona, hakuna unaobaki wa breki. Ndivyo ilivyo kwa kila kinachotembea, kuanzia Vitz hadi lori la mchanga. Ubaya wa 930 ni kwamba linakuja kudai sehemu kubwa kwa ghafla, wakati kona imeshachukua karibu yote. Mkia unaanza kutoka.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko mahali pengine popote jioni hii. Mkia kutoka hakujamuua mtu bado. Kinachoua ni kile unachofanya mara tu baada ya hapo. Mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke, akihisi gari linamponyoka, mguu wake wa kulia unaruka juu. Hauulizi kwanza. Na wengi wetu tumejifunzia magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ambamo kuruka huko mara nyingi kunasaidia: uzito unaelemea mbele, magurudumu ya mbele yanashika, gari linarudi kwenye mstari. Kwa hiyo mguu wetu umesifiwa miaka yote kwa kushtuka.

Kwenye 930 ukiachia mafuta katikati ya kona, uzito unahama vilevile kwenda mbele. Lakini magurudumu yaliyokuwa yanaomba uzito ni ya nyuma, nawe umeyapunguzia wakati yanauhitaji kuliko wakati wowote. Na ile injini iliyoning'inia nyuma ya ekseli ilikuwa inakwenda upande wa nje wa kona. Haina sababu ya kusimama. Mtu aliyebeba gunia mgongoni akikimbia kisha akageuka ghafla anaijua hali hiyo: yeye amegeuka, gunia bado linaendelea na safari. Mkia unazunguka, unakuja mbele, na usukani uliokuwa mikononi mwako unabaki kuwa kitu cha kushikilia tu. Na ukiwa na bahati ukawahi kuukata usukani upande wa pili, matairi ya nyuma yanashika tena ghafla na gari linakurusha upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Watu wengi wanatoka barabarani kwenye hiyo ya pili.

Mabango yanasema mwendo kasi unaua. Kwenye barabara ya Moshi, yenye ng'ombe, bodaboda na watoto wa shule, hilo ni kweli tupu na sibishani na trafiki. Lakini kwa gari la aina hii, peke yake kwenye uwanja, mwendo si kitu cha kwanza. Gari hili halikuombi ujasiri hata kidogo. Lina shida na mtu mwoga na lina shida kubwa zaidi na mtu jasiri, kwa sababu jasiri anafika kwenye kona akiwa na mwendo ambao utamlazimisha aogope katikati yake. Anayelipendeza ni mtu mchoshi. Anafunga breki mapema, usukani ukiwa umenyooka. Anaingia kwenye kona polepole mpaka abiria anaona aibu kwa niaba yake. Kisha anaweka mguu kwenye mafuta mapema, kidogo, na hautoi.

Na hapo ndipo raha inapoanza, maana sikuja kuwadanganya kwamba hakuna raha. Mafuta yakikaa sawasawa, nyuma ya gari inachuchumaa. Ile injini iliyokuwa adui inageuka uzito unaoyakandamiza matairi ya nyuma ardhini, na hakuna gari lenye injini mbele litakalotoka kwenye kona namna ile. Mbele kunakuwa kwepesi, na usukani, ambao hauna pampu ya kuusaidia, unaanza kusema. Unasikia kwenye vidole mahali lami ilipotiwa kiraka. Kwenye makalio unasikia matairi ya nyuma yakikaribia mwisho wa uwezo wao kabla hayajafika. Turbo inakuja, na safari hii ulikuwa unaisubiri. Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi kukwambia kuna mtu mwingine amekusaidia. Ulichokipata umekipata mwenyewe, na mtu akishaionja hiyo mara moja ni vigumu kumwambia aridhike na gari linalomrekebisha kimyakimya.

Ndiyo maana hata Formula One iliwahi kurudi nyuma. Mwaka 1993 yale magari yalikuwa na suspensheni inayoendeshwa na kompyuta na mfumo wa kuzuia magurudumu yasizunguke bure. Msimu wa 1994 vikapigwa marufuku. Udhibiti wa mzunguko wa magurudumu ukaruhusiwa tena 2001, ukafutwa tena 2008. Watu wanataka kuona mguu wa dereva ukifanya kazi.

Wapo walioifanya imani hii kuwa biashara. Dodge Viper ya kwanza, 1992: injini ya lita 8.0, silinda kumi, nguvu 400, hakuna ABS mpaka 2001. Haikuwa hata na kitasa cha mlango kwa nje, na mabomba ya ekzosi yalipita chini ya milango, kwa hiyo ukishuka bila uangalifu unaungua mguu. Gari linalomchoma mwenyewe hata baada ya kulizima! Ferrari F40 ya 1987, nguvu 478, haikuwa na msaada kwenye breki wala kwenye usukani, na mlango ulifungua kwa kuvuta kamba. Bei yake leo sitaitaja mbele ya kina mama. Na kule Blackpool, Uingereza, palikuwa na Peter Wheeler, mhandisi wa kemikali aliyekuwa mteja wa kiwanda cha TVR mpaka akakinunua mwaka 1981. Cerbera yake yenye injini ya lita 4.5 ilikuwa na nguvu kama 420 ndani ya gari lisilofika kilo 1,200, bila ABS, bila mfuko wa hewa. Si kwamba alishindwa kuvifunga. Wheeler aliamini kuwa vifaa hivyo vinamlevya dereva: ukijua kuna kitu kitakuokoa, utakwenda kutafuta mahali pa kuokolewa.

Msimcheke haraka. Miaka ya 1980 kule Munich, Ujerumani, walichukua teksi za kampuni moja, nyingine zina ABS, nyingine hazina, wakazifuatilia. Ajali hazikupungua kwa wenye ABS kama ilivyotarajiwa. Watazamaji waliopanda kama abiria wa kawaida wakaona kwamba madereva wa teksi zenye ABS walikuwa wakiendesha kwa ukali zaidi. Breki zilikuwa bora, na dereva akauchukua ule ubora akaenda kuutumia kwenye mwendo.

Lakini Wheeler alikuwa na nusu ya hoja. Nusu ya pili inamshinda, na mimi kama fundi lazima niiseme hata kama inapunguza utamu wa hadithi.

ABS ya kisasa ilianza kufungwa kwenye Mercedes S-Class mwaka 1978. Kazi yake ni kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu, ili bado uweze kugeuza. Dereva mzuri sana anaweza kujifunza kuiiga kwa mguu, kwa kiasi fulani. Mwaka 1995 Mercedes na Bosch wakaleta kitu kingine kabisa, ESP, ambacho kwenye Toyota mnakijua kama VSC. Hiki kina sensa ya usukani inayojua unataka kwenda wapi, na sensa nyingine inayojua gari lenyewe linazunguka kwa kiasi gani. Majibu yakitofautiana, kompyuta inafunga breki ya gurudumu moja. Moja tu. Mkia ukitoka kwenye kona ya kushoto, inaligusa gurudumu la mbele la kulia, na gari linanyooka kabla hujamaliza kusema yarabi.

Wewe dereva una pedali ngapi za breki? Moja, na inafunga magurudumu yote manne. Hata awe bingwa wa dunia, hana mguu wa kufunga gurudumu la mbele la kulia peke yake. Ndiyo maana simwelewi mtu anayezima VSC barabarani akisema yeye ni mzoefu. Uzoefu haukuongezei pedali tatu.

Mnakumbuka 1997, Mercedes walipotoa A-Class, gari dogo, refu kwenda juu? Waandishi wa Sweden walilifanyia lile jaribio lao la kukwepa mnyama mkubwa anayekatiza barabara ghafla, nalo likapinduka. Sisi tunaopita Mikumi hatuhitaji kuelezwa kwa nini jaribio hilo ni la maana. Mercedes wakayaita magari yote, wakarekebisha suspensheni, wakafunga ESP kwenye kila A-Class. Kuanzia hapo kifaa cha matajiri kikaanza kushuka kwenda kwenye magari ya watu wa kawaida. Marekani wakakifanya cha lazima kwa magari mapya ya 2012, Ulaya kuanzia Novemba 2014. Na matokeo si kama yale ya teksi za Munich. IIHS, taasisi ya makampuni ya bima ya Marekani inayochunguza usalama barabarani, ilikuta kwamba hatari ya ajali ya kuua ya gari moja peke yake, zile za mtu kuacha barabara na kugonga mti, inapungua kwa karibu nusu. Nusu! Nitajieni kifaa kingine kwenye gari, ukiondoa mkanda, kinachofanya hivyo.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu hoja yangu kuhusu mguu imeandikwa kwenye vumbi la huku huku.

Björn Waldegård, Msweden, bingwa wa kwanza wa dunia wa rali kwa upande wa madereva, 1979. Safari Rally aliishinda mara nne: 1977, 1984, 1986 na 1990. Lakini akiwa na Porsche 911 mwaka 1974 alikuwa wa pili. Aliyeshinda ni Joginder Singh wa Kenya na Lancer yake ndogo. Mwaka 1978 Porsche wakaja tena, Vic Preston Jr. akamaliza wa pili, Waldegård wa nne, na Peugeot 504 ikachukua kombe. Porsche hawakupata kamwe ushindi wa Safari ile kubwa. Wazee waliopo hapa wanaokumbuka tope la miaka hiyo wataniambia baadaye kama nguvu za farasi zilisaidia chochote.

Kisha ruka mpaka 2011. Safari Classic, gari ni 911 ya zamani, haina kompyuta yoyote, na kwenye usukani ni Waldegård yuleyule, ana miaka 68, mwanawe akiwa kiti cha pembeni anamsomea njia. Akashinda. Miaka sitini na minane, vijana wangu. Wapo waliokuwa nusu ya umri wake, wenye mikono ya haraka kuliko yake, wakamaliza nyuma yake.

Ukitazama anavyoingia kwenye kona ya changarawe utaona kitu kinachoonekana kupingana na yote niliyosema. Kabla ya kona ya kulia, anauzungusha usukani kushoto kidogo. Kisha kulia, na wakati huohuo anaachia mafuta. Anaachia! Mkia unatoka, kama nilivyowaeleza, gunia linaendelea na safari. Lakini kona yenyewe haijafika. Ameutoa mkia akiwa bado ana nafasi, gari limeshaelekea anakotaka kutokea, na kabla kona haijaanza mguu umeshakaa kwenye mafuta, nyuma imechuchumaa, na gari linapita kiubavu likiwa limetulia kuliko mnavyodhani.

Ni kitendo kilekile. Uzito uleule, injini ileile iliyoning'inia, mguu uleule kuondoka kwenye pedali. Yeye ameachia kwa hiari, mapema, akijua kitakachofuata. Yule wa mtengeneza wajane ameachia baadaye, kwa sababu ameshtuka. Kati ya hao wawili hakuna tofauti ya nguvu za mkono, na sidhani kuna tofauti kubwa ya kipaji. Kuna maelfu ya kona ambazo mmoja ameshazipiga mahali ambapo kukosea hakugharimu kitu.

Nije kwenye jina ambalo kila kijana hapa analijua. Tarehe 30 Novemba 2013, Santa Clarita, California, Paul Walker, mwigizaji wa filamu za Fast & Furious, alikufa akiwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT. Gari hilo lina injini ya silinda kumi, lita 5.7, nguvu 612, uzito wa kilo 1,380. Lilikuwa na ABS na kifaa cha kuzuia magurudumu yasizunguke bure, lakini halikuwa na ESP. Wachunguzi walisema gari lilikuwa kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa, mahali ambapo mwisho ni kama 72. Hawakukuta hitilafu ya mitambo. Walikuta pia matairi yana umri wa takriban miaka tisa. Na dereva hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa mbio za magari.

Watu walibishana sana, wengine gari, wengine mwendo. Mwendo ule kwenye barabara ile hauna utetezi, na sitautetea kwa sababu tulimpenda marehemu. Ila yale matairi yananisumbua kuliko yalivyozungumzwa. Mpira unakuwa mgumu kwa miaka hata kama meno yake bado marefu, na gari la thamani linalokaa gereji wiki nzima meno hayaishi. Kwa macho tairi ni zima. Kile kiasi cha kushika nilichosema kimepungua, na mguu wako haujaambiwa.

Hapo naweza kuwaacha mkaende nyumbani mkidhani haya ni mambo ya wenye Porsche. Twende hapo nje. Nimepita kuangalia magari kabla ya kuingia. Toyota Mark X ya kwanza, ya 2004, injini ya lita 2.5, ina nguvu za farasi 215 na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwa nguvu peke yake, haiko mbali sana na lile 930 la 1975. Iliyoagizwa na VSC inayofanya kazi ni gari salama na tamu. Lakini VSC inategemea sensa zilezile za ABS kwenye magurudumu. Sensa moja ikifa, au waya ukakatika kwenye rafu rodi, taa inawaka na vyote viwili vinazimika. Na nyote mnajua kinachofanyika mjini mwenye gari akitaka kuuza: taa inachomolewa, au inaunganishwa na ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja. Mnunuzi anawasha gari, dashibodi safi kabisa. Anaondoka na gari lenye nguvu, lisilo na msaada wowote, juu ya matairi ya mtumba, na anaamini kompyuta inamlinda. Peter Wheeler angalau alikuwa anamwambia mteja wake.

Kwa hiyo ukifika kwenye gari lako kesho asubuhi, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS na ile yenye picha ya gari linaloserereka zinatakiwa ziwake, kisha zizime zenyewe, baada ya sekunde chache au injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayogoma kuzima. Ila hii inaifichua taa iliyochomolewa tu; iliyounganishwa na ya oili itawaka na kuzimika vilevile.

Baada ya hotuba kijana mmoja aliuliza: kama kompyuta ni bora kuliko mguu, kwa nini basi tujifunze kuendesha bila hiyo?

Kwa sababu kompyuta haiongezi kiasi cha tairi, inakigawa tu vizuri. Ukiingia kwenye kona na mwendo ambao tairi haliwezi, itafunga magurudumu yote inayotaka na bado mtakwenda wote kwenye mtaro, wewe na sensa zako. Anayejua mwisho wa tairi uko wapi kwa kuuhisi haingii kwenye kona hiyo. Na kuuhisi hakuhitaji farasi 300. Tuna Corolla DX ya zamani, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu zake hazifiki 80. Tunamwaga maji kwenye uwanja wa udongo, tunaweka pipa katikati, unalizunguka kwa mwendo ambao mtu anaweza kukukimbiza kwa miguu. Mafuta yamekaa sawasawa, kisha nakwambia achia ghafla. Mkia utakuja. Utashtuka, utazunguka, tutacheka, tutarudia mpaka mguu uache kuruka. Yanayotokea pale kwa mwendo huo ndiyo yaleyale ya 930 kwenye mwendo mkubwa, ila pale kinachoumia ni heshima yako tu. Na macho yaangalie unakotaka kwenda, si kwenye pipa. Mikono inafuata macho.

Mama mmoja aliuliza: mwanawe anataka kununuliwa Toyota Chaser yenye turbo, afanyeje?

Mama, hiyo Chaser ya turbo, inayoitwa Tourer V, ni nguvu 280 kwenda magurudumu ya nyuma, na nyingi zilizobaki zimeshapita mikononi mwa mafundi wa kila aina. Usimkatalie, atakwenda kuendesha ya rafiki yake. Mwambie Jumamosi aje kwenye pipa, helmeti zipo, mafuta anachangia. Akiweza kulizunguka kwa kushoto na kwa kulia, akiachia na kukamata bila mimi kumwambia, mje wote wawili karakana tuitazame hiyo Chaser kabla hamjalipa. Tutaanzia ubavuni mwa tairi, kwenye ile namba ya tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tukikuta 3512, matairi mapya yanaingia kwenye bei, na hilo mwambie muuzaji mapema.